Pancha haipo, upepo nao haupo

Tairi la nyuma la baiskeli limelala tena. Jana usiku lilikuwa na psi 25 (psi ni kizio cha msukumo wa upepo), kipimo kikasoma, macho yakaona. Asubuhi hii ukiliminya kwa kidole gumba linakubaliana na wewe kwa kila jambo. Msumari hakuna. Mwiba hakuna. Hata mtoto wa jirani wa kusingiziwa hakuna, amekwenda likizo kwa bibi yake. Upepo umeondoka wenyewe, kistaarabu, bila kuaga.

Na tuliahidiwa, jamani. Toeni tyubu, wekeni dawa ya maji ya kuziba matundu, habari za pancha mtazisikia kwa wenzenu. Tangu Mavic, Michelin na Hutchinson walete UST, mfumo wao wa tairi lisilo na tyubu, mwaka 1999, mwenye baiskeli ya milimani akaanza kutembea kifua mbele. Tena kwa mbigili ahadi imetimia: unaingia, dawa inatema kidogo, inaganda, unaendelea na safari. Ila tyubu, marehemu tyubu, ilikuwa na hisani moja tusiyoithamini enzi za uhai wake. Ikitoboka, imetoboka. Inakwambia pwaa, mnajua mmefika wapi. Hili la kuvuja usiku kucha huku mchana linajifanya zima ni uhuni wa daraja lingine.

Tuwe watu wazima kwanza, maana si kila upungufu ni uvujaji. Raba yenyewe inapitisha upepo kidogo kidogo. Psi mbili tatu kwa wiki ni ushuru, lipa unyamaze. Baridi nayo ina lake. Jaza psi 25 saa nane mchana kwenye joto la nyuzi 30, kisha pima alfajiri kwenye nyuzi 15: utasoma 23, na hakuna hata chembe ya upepo iliyotoka. Kipimo nacho kila kikichomekwa kinaonja kidogo. Kwa hiyo wewe wa Arusha unayepoteza psi mbili kwa usiku wa Julai, kalale. Unayepoteza kumi na tano, vuta kiti.

Kitu cha kwanza tunachokimbilia wote ni kuongeza dawa. Tairi likipungua, mimina. Likipungua tena, mimina. Dawa ile ni utomvu wa mpira wenye chembechembe, na inaziba pale tu inapofika na upepo ukaisukuma nje. Baiskeli ikisimama, dawa yote imetuama chini ya tairi, wakati kinachovuja ni kiini cha valvu, kile kidude cha ndani kinachofungua na kufunga upepo, kilicholegea huko juu. Ni kuosha miguu wakati kinachouma ni jino. Tairi la inchi 29 lenye upana wa 2.3 au 2.4 linataka mililita 100 mpaka 120, basi. Ukitia 300 unajiongezea mzigo wa kupandisha mlima. Lakini hakikisha hizo 100 zipo kweli, maana dawa hukauka ndani ya miezi miwili mpaka sita, na kwa jua letu hesabu miwili. Toa upepo, fungua kiini, zungusha gurudumu valvu iwe upande wa chini, kisha chovya ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ikitoka kavu, ongeza. Ikitoka imelowa, funga mkono wako.

Halafu ndiyo unampelekea fundi.

Fundi wa baiskeli wa kwetu ni mtu mzima, kijiwe chake kiko chini ya mwarobaini, na pamoja naye lipo baraza: dereva wa bodaboda asiye na abiria, mstaafu mwenye gazeti la juzi, na kijana ambaye hakuna anayejua anafanya kazi gani ila hajawahi kukosa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Pancha?"

"Si pancha, mzee wangu. Linapungua taratibu."

"Tyubu imechoka."

"Halina tyubu."

Kimya. Mstaafu anashusha gazeti. Fundi anakutazama kwa huruma ya kweli.

"Wamekuibia?"

Bodaboda anaingilia kukutetea: ni kama gari, mzee, haya mambo yapo. Mstaafu anasema Phoenix yake aliinunua na tyubu, akaiuza na tyubu. Kijana anapendekeza tepu nyeusi ya mafundi umeme, ingawa hajaambiwa tatizo ni nini. Unajieleza, unatumia mikono, unachora ringi ardhini kwa kijiti. Mwisho fundi anafanya kile ambacho hakuna mashine ya dukani inayomshinda: anavuta karai lake la maji meusi, anakujazia upepo mpaka psi 35 ili kinachovuja kivuje kwa sauti, anazamisha gurudumu, anazungusha polepole.

Valvu kwanza. Ncha ya valvu haitoi povu, kwa hiyo kiini kizima. Kingetoa, ungekikaza kwa ufunguo wake mdogo au ungekibadilisha, na ungekuwa umefika nyumbani. Ukingo wa tairi, pale waya unapokaa kwenye ringi, kimya. Ubavu, kimya. Kashata ya tairi, kimya. Mara, chini ya nipeli, ile nati ndogo inayoshika spoki kwenye ringi: bubu, bubu, bubu. Vipovu vidogo, vimepanga foleni.

"Nimekupata!" Fundi anashika spana ya spoki. "Hii imelegea. Tunaikaza."

Hapo, ndugu yangu, acha adabu. Mshike mkono. Nipeli haina kosa, nipeli ni mlango wa kutokea tu. Upepo umepenya chini ya tepu ya ringi, ile inayofunika matundu ya spoki kwa ndani, mahali pengine kabisa, ukaingia kwenye uwazi ulio ndani ya ringi, ukatembea unavyotaka, kisha ukatokea kwenye tundu uliloliona rahisi. Unaweza kuingilia karibu na valvu ukatokea upande wa pili wa gurudumu. Unaweza kutokea kwenye kiungo cha ringi, au kwenye tundu la valvu lenyewe, ukadhani ni valvu. Ukikaza nipeli, uvujaji unabaki na gurudumu linapinda. Sasa una shida mbili na deni la fundi.

"Kwa hiyo unasema inavuja pale, lakini haivujii pale," anasema fundi.

"Ndiyo, mzee."

"Na ulisoma mpaka wapi?"

Baraza linacheka. Mstaafu anafungua ukurasa wa michezo. Fundi, kwa kukomesha mjadala, anachomeka vijiti vyake viwili vya chuma na kulichomoa tairi kabla hujamwambia kuna dawa. Maziwa yote yanamwagikia kwenye kandambili zake. Harufu ya amonia inapanda. Bodaboda anarudi nyuma hatua tatu. "Limeoza!" anasema kijana, mara ya kwanza kutoa kauli yenye uhakika. Fundi anatazama miguu yake, anakutazama wewe, anatazama miguu yake. "Wewe," anasema, "ulichokosa ni tyubu tu, lakini umeamua kuteseka."

Lakini chungulia ndani ya ringi, ndiyo ulipe fidia ya kandambili kwa moyo mweupe. Kule mbali na nipeli ile iliyoshitakiwa, tepu imekunjamana milimita chache pembeni, na dawa imeingia chini yake ikakauka njano. Ndiye huyo. Na mkunjo haushonwi, haubandikwi kiraka. Tepu yote inatoka.

Bandua, kisha futa ringi kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka kitambaa kitoke cheupe, uache ikauke kabisa. Mafuta ya kidole chako yanatosha kuharibu kazi. Tepu iwe pana kuliko ndani ya ringi kwa milimita mbili mpaka tano, ipande kidogo kwenye kuta za pembeni. Ikiwa nyembamba, inaacha mlango wazi tangu siku ya kwanza. Anzia kando ya tundu la valvu, vuta kwa nguvu zako zote, bonyeza kwa gumba ishuke kwenye bonde la katikati, na ukimaliza mzunguko pitiliza tundu la valvu kwa sentimita 10 hadi 15. Ile tepu ya umeme ya kijana yule sahau: inanyooka na gundi yake inateleza kwenye joto. Sasa kinachofurahisha wazee ni hiki: ukishatoboa tundu la valvu kwenye tepu, valisha tairi na tyubu, jaza, acha usiku kucha ili tepu ishinikizwe ikamate. Ndiyo, tyubu. Ile ile tuliyoifukuza kwa matusi. Inarudi usiku mmoja kama mshauri.

Tundu lenyewe litoboe kwa msumari uliopashwa moto, si kwa kisu. Kisu kinaacha pembe, na pembe inachanika. Msumari wa moto unayeyusha mdomo wa tundu ukawa laini. Liwe dogo, valvu iingie kwa kusukumwa. Asubuhi toa tyubu, rudisha valvu. Nati yake ikazwe kwa vidole. Narudia, vidole. Koleo linapinda kitako cha mpira, na ukipata pancha porini usiku hutaweza kuifungua uweke tyubu ya akiba, ukae hapo na fisi mjadiliane.

Mengine ni ya kupita. Ubavu unaotoa jasho la vitone vyeupe ni wa tairi jepesi lenye ngozi nyembamba: tikisa dawa ifike, laza gurudumu juu ya ndoo kwa dakika kumi upande mmoja, kisha mwingine, halafu liendeshe. Ukingo unaotoa povu mara nyingi umekaliwa na dawa kavu au mchanga. Chokonoa kwa ukucha, paka maji ya sabuni, jaza kwa nguvu mpaka usikie pa! pa! na mstari wa ubavuni uwe sawa na ringi kuzunguka kote. Ringi ikiwa na bonde kwa sababu ya jiwe, hilo si suala la sabuni. Mchaniko wa zaidi ya milimita sita dawa haiuwezi. Chomeka kamba ya kuzibia, na ukifika nyumbani weka kiraka kwa ndani: sugua kwa msasa, paka solusheni, ngoja isiwe inang'aa tena, ndiyo ubandike. Tatizo letu ni hapo kwenye kungoja.

Dawa inarudishwa kupitia valvu, kiini kikiwa nje, kwa bomba la sindano la mililita 60. Kanunue. Ingia duka la dawa, sema unataka bomba kubwa kuliko yote, bila sindano, na ni kwa ajili ya baiskeli. Dada wa kaunta atakuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha daladala: "La nini?" Nyuma yako yupo mama wa jumuiya. Ukieleza kuhusu utomvu mweupe, unazidi kuzama.

Na ukishajaza, pampu yako ya kusimama yenye kipimo, uliyoinunua kwa kubana matumizi, mtaa mzima umeshajua ipo. Jumamosi mlango unagongwa. "Hodi, mjomba, tunaomba pampu, tuna mechi." Unawapa, si watoto wa watu? Inarudi Jumatatu, mpini una matope, mpira wa kuzuia upepo kwenye kichwa haupo, na mshale wa kipimo umesimama kwenye psi 40 hali haijachomekwa popote. Ukiuliza, wanakujibu walikuta hivyo. Walikuta hivyo wapi? Imetoka mikononi mwangu! Na ile sindano ya kujazia mpira wa miguu, wameivunjia ndani ya mpira wa nani?