Usiniambie Fuzi Haina Kemikali

Wiki hii umesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe unaousifu mzizi wa Kichina uitwao fuzi kwa maumivu ya viungo na miguu inayopoa, na kumshauri msomaji auloweke kwenye pombe kali na kunywa kidogo kidogo kila jioni, bila hofu, kwa kuwa "ni dawa ya asili, haina kemikali". Sentensi hiyo imeniudhi kwa sababu inaweza kuua.

Fuzi ni vizizi vinavyochipua ubavuni mwa mzizi mama wa mmea wa Aconitum carmichaelii, unaolimwa hasa Jiangyou, jimboni Sichuan. Ndani yake mna akonitini, alkaloidi (kemikali kali ya mimea) ambayo miligramu 2 tu zinaweza kumuua mtu mzima. Sumu hiyo huizuia milango inayopitisha sodiamu kwenye neva na moyo isifunge: midomo na ulimi hufa ganzi, vidole hufuata, kisha mapigo ya moyo huvurugika. Haina kiuasumu.

Wachina walilijua hilo tangu kale, na ujuzi wao wote uko katika namna ya kuuandaa. Mzizi hulowekwa kwenye maji machungu yenye kloridi ya magnesiamu, huchemshwa, hukatwa vipande, huoshwa tena na tena, hupikwa kwa mvuke na kukaushwa. Hata baada ya hapo, anayepika dawa nyumbani hutanguliza fuzi peke yake chunguni na kuichemsha kwa muda mrefu kabla ya kuongeza mizizi mingine. Kinachoendelea humo ni kemia tupu: maji ya moto huondoa kwenye akonitini kipande kiitwacho asetili, ikabaki benzoilakonini, ambayo sumu yake ni hafifu mara nyingi kuliko ya akonitini; moto ukiendelea, kipande kingine, benzoili, nacho hutoka, ikabaki akonini, iliyo hafifu kuliko hiyo. Pombe baridi haifanyi kazi hiyo. Huivuta akonitini kutoka mzizini na kuiacha nzima, na ndiyo sababu pombe za dawa zilizolowekwa mizizi ya jamii hii zimeua watu huko huko China. Katika jimbo la Yunnan, ambako wenyeji huipika fuzi kama chakula, watu hulazwa hospitali kwa sababu tu chungu kiliepuliwa mapema.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba fuzi si dawa ya kubeza. Zhang Zhongjing, tabibu wa Uchina ya kale, enzi ya nasaba ya Han, aliichanganya na tangawizi kavu na gancao (mzizi mtamu wa urukususu) kwa wagonjwa waliopoa mikono na miguu, na leo tunajua kwamba ina kemikali iitwayo higenamini, inayouchochea moyo kiasi kwamba wanamichezo wamepigwa marufuku kuitumia. Hata hivyo, ushahidi kwa wagonjwa wenyewe bado ni mdogo kuliko sifa. Mjamzito asiiguse kabisa.

Anayeitaka fuzi na aipate kwa tabibu aliyesomea kazi hiyo, ikiwa imeandaliwa na kupimwa. Na kama yuko mtu nyumbani kwako aliyekwisha kunywa pombe hiyo na sasa midomo inamfa ganzi, usimpe maziwa wala usingoje kupambazuke: mkimbize hospitali yenye kipimo cha moyo, na chupa uibebe.