Kilo Mbili za Mateso

Balaa lote lilianzia kwenye sentensi moja niliyomwambia mama mkwe siku ya Jumatano, mdomo umejaa: "Mama, hizi kwetu tunaziita chapati za maji. Hata mtoto wa darasa la tatu anapika."

Tulikuwa Voronezh, kusini mwa Moscow, wiki ya Maslenitsa. Hiyo ndiyo wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima ya Waorthodoksi. Nyama imeshapigwa marufuku, ila siagi, maziwa na mayai bado ruksa, basi watu wanakula blini, ndizo hizo chapati nyembamba nilizozisema, asubuhi, mchana na usiku. Kila siku ina jina na shughuli yake. Jumatano mkwe anakwenda kulishwa blini kwa mama wa mkewe. Ijumaa kibao kinageuka: mkwe ndiye anayempikia mama. Hilo la Ijumaa nililijua baada ya kumaliza kujigamba. Mama mkwe alifuta mikono, akasema vizuri sana, keshokutwa nakuja, akanikabidhi kikaango chake ndani ya mfuko. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananipongeza.

Alhamisi nikaenda kununua unga. Kiduka cha jirani na kwetu ni vile vya kizamani, unasimama mbele ya kaunta na kumtajia muuzaji unachotaka. Sasa unga kwa Kirusi ni muká, mkazo mwishoni. Mimi mtoto wa Tanga. Ulimi wangu tangu kuzaliwa unakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na ukikazia hapo neno linakuwa múka, yaani mateso. Nikatamka kwa sauti ya mtu mwenye hela: "Naomba kilo mbili za mateso."

Muuzaji akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Mwanangu," akasema, "hayo kwangu yapo bure." Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka sana, nikalipa, nikaondoka. Ni nikiwa kwenye ngazi ndipo nilipoelewa nilichokuwa nachekea.

Jioni nikafungua mfuko wa kikaango. Jamani! Chuma kizito cha kuvunjia mlango, cheusi tii nje na ndani, kinateleza mafuta. Nikamwonea huruma mama wa watu. Umri umekwenda, mikono haina nguvu tena ya kusugua. Mimi nimelelewa na bibi ambaye sufuria ikibaki na alama ya masizi hulali mpaka ujione sura yako ndani yake. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku, wa kunizuia hakuwepo. Nikashika stilwaya na sabuni, nikasugua saa moja na nusu. Ule weusi ulibanduka vipande vipande kama magamba ya changu, maji ya sinki yakawa wino. Mwisho kikabaki chuma cha kijivu, safi kabisa. Nikakiegemeza dirishani ili mama akiingia tu akione, afurahi.

Ijumaa unga wangu ulikuwa hauna kasoro, na hapa simung'unyi maneno. Nusu lita ya maziwa, mayai matatu, sukari kidogo, chumvi, mafuta vijiko viwili humo humo, ukapumzika nusu saa, ukawa mwepesi usio na hata kidonge. Mama mkwe akaketi mezani, mbele yake bakuli la smetana, yale maziwa mazito yenye uchachu, na kopo la mayai mekundu ya samaki aliyonunua yeye. Kikaango kimeshashika moto. Nikamimina upawa wa kwanza, nikazungusha mkono kwa madaha.

Ikaganda. Nikaingiza mwiko pembeni, ukatoka na uzi wa unga. Nikakwangua, nikapata kitu kama tambara la deki.

"Usijali," mama akasema. "Sisi tuna methali: blini ya kwanza hutoka bonge."

Ya pili ikatoka bonge. Ya tatu ilikataa hata kuwa bonge, ikawa makombo.

"Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya kwanza, mama."

"Na ile ya mwanzo?"

"Ile nilikuwa napima moto."

Nilipofika "ya kwanza" ya saba, moshi umetanda mpaka kwa jirani, mama mkwe akainuka. Akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akainamia kikaango. Hakusema kitu. Akapitisha kidole ukingoni, ule upande usioguswa na moto, akakitazama kidole. Akamgeukia binti yake, wakaongea Kirusi cha haraka ambacho nilishika maneno mawili tu: "bibi" na "sabuni".

Kumbe kikaango kile kilikuwa cha mama yake mzazi. Hakipikiwi kitu kingine isipokuwa blini, wala hakijawahi kuonja sabuni. Ule weusi niliouita uchafu ulikuwa mafuta yaliyoungua na kugandamana na chuma tabaka juu ya tabaka, na hilo ndilo linalofanya unga usishike. Miaka yote hiyo mimi niliimwaga kwenye sinki kwa saa moja na nusu, nikipiga mluzi.

Akajaza chumvi kikaangoni, akaikaanga kavu mpaka ikabadilika rangi. Akaimwaga, akapangusa kwa kitambaa, akakata kiazi nusu, akakichoma kwa uma, akachovya mafuta na kupaka. Akarudia, akapaka tena. Madirisha yote wazi, nje barafu, sisi jikoni na makoti. Saa tano usiku blini moja ikabanduka nzima. Wakagawana yeye na binti yake.

Jumapili ya wiki hiyo ni siku ya kuombana msamaha. Unasema "nisamehe", mwenzako anajibu, "Mungu atakusamehe, nami nakusamehe." Nikaenda kwake na maua. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Mungu atakusamehe," akasema.

Nikasubiri ile nusu ya pili. Akaniuliza chai nakunywa na sukari ngapi.