Mzee wa Miaka 2025

Wadau, najua video ya mimi kuzima kompyuta mbele ya wageni mmeshaiona. Aliyeirusha ni rafiki yangu kabisa, na yale maneno aliyoweka chini yake, eti "fundi azima kompyuta kwa hofu", nayakataa. Sikuizima kwa hofu. Niliizima kwa aibu.

Tulikuwa tunawaonyesha wageni jinsi watu walivyoandika programu zamani, nami nikajitwika somo la BASIC, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Mwanzo niling'ara. Nikawamwagia habari za Kemeny na Kurtz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walioiwasha mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 ili hata mwanafunzi asiyesomea sayansi aweze kuitumia. Nikaeleza kwamba walichapa kwenye teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, maandishi yanatoka kwenye karatasi, huwezi kurudi juu kurekebisha. Ndiyo maana kila mstari una namba. Unaruka kumi kumi, ukikumbuka kitu baadaye unakichomeka kwenye 15. Ukichapa mstari wenye namba iliyopo, wa zamani unafutika na mpya unakaa mahali pake.

Hayo niliyasema mimi mwenyewe, mkono mmoja mfukoni. Kumbukeni hilo.

Programu yangu hii hapa:

10 PRINT "KARIBU"
20 INPUT M
30 LET U = 2025 - M
40 PRINT "UNA MIAKA", U
50 GOTO 10

Unaingiza mwaka wa kuzaliwa, inakupa umri, inarudi juu kumsubiri mwingine. Mzee mmoja wa heshima zake akakubali kuwa wa kwanza, akasogezewa kiti mbele. Hapo ndipo ujuaji ukanipanda. Nikasema, "Ngoja kidogo mzee, BASIC ya mwanzo ilidai mstari wa mwisho uwe END, amri ya kusimamisha programu." Huku hata haukuhitajika, maana GOTO ya mstari wa 50 inarudi juu, programu isingeufikia kamwe! Nikachapa 200 END. Yaani, vidole vilichapa 20 END. Enter.

Nikachapa RUN, amri ya kuendesha programu. Projekta ikaandika KARIBU, chini yake READY, yaani imemaliza. Kimya.

Nikatabasamu. RUN tena. KARIBU. READY. Mzee akauliza taratibu, "Nimeshakaribia, mwanangu. Sasa?"

Nikaita LIST, amri ya kuonyesha mistari yote. Mstari wa 20 unaning'inia pale: END. Rafiki yangu, simu tayari mkononi, akanong'ona, "Andika 20 peke yake, utafutika." Na ni kweli, namba tupu inafuta mstari. Nikaandika 20, Enter, nikamgeukia mzee kwa kujiamini kusiko na msingi wowote, nikabonyeza RUN bila kutazama.

Wanaojua BASIC mmeshaanza kucheka, nawasikia. INPUT, amri ya kumsubiri mtu aandike, ilishakufa pale END ilipokalia nafasi yake. Hakuna tena anayeuliza mwaka. M, herufi ya kushika mwaka huo, haijapewa chochote, na BASIC ile ikikuta herufi haina thamani inaihesabu sifuri. 2025 kutoa sifuri, pigeni wenyewe.

Ukuta mzima: UNA MIAKA 2025. KARIBU. UNA MIAKA 2025. KARIBU. UNA MIAKA 2025. Inashuka mbio, haipumui, na mzee wa watu ameketi mbele yake, mwanga wa projekta unampiga kwenye upara. Akavaa miwani. Akasoma. Akavua, akaifuta, akavaa tena. Akasema, "Najua nimezeeka, lakini..."

Ukumbi ulipasuka. Ctrl na C, vitufe viwili tu vya kuisimamisha, vilinitoka kichwani. Nilibonyeza Esc, nikabonyeza Enter, nadhani nilibonyeza hata kitufe cha sauti. Mwisho nikachomoa waya.

Yaliyofuata ni mafupi: niliomba radhi, mzee akasamehe, mwingine akamalizia somo. Rafiki ananiita Ishirini END mpaka leo.

Nimeshawaambia wote kwamba kitufe cha sifuri cha ile kibodi ni kibovu. Jana wamekijaribu. Kinafanya kazi vizuri tu.