Mawe ya Trier na mabaranda ya Bukavu

Jumamosi mlinzi mmoja huku Trier, Ujerumani, alinikemea kwa sababu niliegemea jiwe. Jiwe! Bibi yangu alikuwa kwenye mstari wa tiketi za kuingia Porta Nigra, lango la Waroma lililojengwa mnamo mwaka 170. Mgongo uliniuma, nikaegemea. Nikaonyeshwa kidole kama mtoto wa shule.

Basi nikalikagua hilo jiwe kwa hasira. Limejaa matundu. Waroma hawakutia saruji pale, walibana mawe kwa vyuma, na baadaye wenyeji wakaja kuchokoa wapate vile vyuma. Yaani wazee wao nao walikuwa kama vijana wetu wanaokata nyaya! Lango lenyewe lilipona kwa sababu mtawa Simeoni alijifungia humo, akafa mwaka 1035, wakaligeuza kanisa. Napoleon ndiye aliyeamuru kanisa liondolewe. Ukishuka mpaka mto Moselle unakuta daraja, nguzo zake ni za karne ya 2, na magari yanapita juu.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, maana mimi ni mtu wa Bukavu, Kongo.

Avenyu Lumumba mnaijua, sielezi. Ile nyumba ya baranda ya mviringo, upande wa Nyawera, ambako baba alikuwa anatupeleka kupigwa foto za Noeli, leo ni etaji ya vioo vya buluu. Mvua ikinyesha, matope yanaingia duka la chini. Na ile ya zamani haikufikisha hata miaka mia.

Najua mnavyosema. "Huyu ameshiba viazi vya Ulaya, sasa anatufundisha." Mkubwa, mimi nafagia kiwanda usiku, kiburi nikitoe wapi? "Zile nyumba ni za wakoloni, acha ziende." Sawa, na hilo lango ni la nani? Waroma waliwapiga Watreveri, wenyeji wa huku, wakawatawala, na leo wenyeji ndio wanaokaa mlangoni kukata tiketi. Tena matofali ya Costermansville, jina la kikoloni la Bukavu, yalibebwa na babu zetu, Costermans mkoloni wa Kibelgiji hakubeba hata moja.

"Watu hawana usalama, wewe unalilia baranda." Hapo mnanishinda nusu. Lakini aliyebomoa nyumba ile hakuja na bunduki. Alikuja na karatasi yenye muhuri.

Na msidhani nimeiabudu Trier. Moselle, kusema kweli, umelala. Uweke kando ya mto wetu Ruzizi unavyochomoka Ziwa Kivu, kisha uniambie mto ni upi. Na rasi zetu zile tano! Wazungu wangekuwa nazo, hata kukohoa pale wangekulipisha. Tunajua pia kutunza, tusidanganyane: shule ya Alfajiri imesimama hadi leo kwa kuwa watoto wanasoma mle kila asubuhi. Basi zile zingine nazo ziwekwe hoteli, maktaba, hata kinyozi, mradi ukuta ubaki.

Shemeji yangu ameshaniandikia: "Rudi basi uzichunge mwenyewe." Shemeji, wewe ndiwe uliye hapo. Kuna moja naikumbuka, unashuka kidogo kutoka Place de l'Indépendance, ina ngazi nyekundu. Kaniulizie bei kesho asubuhi, kabla mwenye vioo hajauliza.