Jalada Lilikuja na N/A

Mwenzenu nimepewa barua ya kujieleza. Mimi, mhudumu wa ofisi, mtu wa chai na majalada, miaka 19 kazini sijawahi hata kuangusha kikombe cha mgeni. Kosa lenyewe ni herufi mbili na kimstari katikati.

Ilianza na bomba. Bomba la choo cha ghorofa ya pili linavuja tangu kabla ya mfungo. Nikasema kwa mdomo, wakaniambia andika. Nikaandika kwa Kiswahili changu, mistari miwili: bomba linavuja, maji yameshafika kwenye korido, mtu ataanguka. Masijala wakafungua jalada, likapanda juu kwa wakubwa, likakaa huko wiki mbili likila kiyoyozi, kisha likateremka kwangu. Nafungua, chini ya dokezo langu bosi kaandika kwa wino wa kijani: "For your N/A please." Kasaini na mkia mrefu.

Sasa N/A mimi naijua. Nimejaza fomu maisha yangu yote. Namba ya hati ya kusafiria: N/A. Gari unalomiliki: N/A. Nyumba ya pili: N/A, na ya kwanza pia. Maana yake hapa hapakuhusu, pita, usijichoshe. Nikasema bosi ni muungwana, kaona mzee huyu tusimbebeshe mambo ya mabomba. Nikalirudisha jalada kabatini, nikaenda kuchemsha chai.

Kumbe huko juu N/A ni "necessary action"! Yaani chukua hatua inayotakiwa! Herufi zilezile, jamani, zilezile! Kwenye fomu zinakwambia usifanye kitu, kwenye jalada zinakwambia fanya haraka. Hata trafiki wa makutano, pamoja na hasira zake zote, mkono wa simama ni mwingine na mkono wa pita ni mwingine. Na "kwa utekelezaji" ingewapunguzia nini? Wino wa kijani ungekwisha?

Basi ikaja barua. Inasema nina kosa la "failure to act". Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama na mara moja nikiwa nimekaa. "Act" ninavyojua mimi ni kuigiza. Nikakubali moyoni: kweli sijawahi kuigiza, hata kwenye ngonjera za shuleni walinipa kazi ya kushika pazia. Nashuka chini kidogo, naambiwa nimekwenda kinyume na "Employment and Labour Relations Act" ya mwaka 2004. Hiyo "act" si mchezo tena, ni sheria iliyopitishwa na Bunge. Nafika mwisho kwenye saini: "Acting Director". Hiyo nayo si mwigizaji, ni kaimu, ingawa kwa yule tuliye naye sina hakika sana. Barua moja, "act" tatu, na hakuna hata moja iliyoziba bomba.

Na msidhani Kiingereza sikusoma. Nilikianza darasa la tatu, na vitenzi tulifundishwa kwa vitendo. Mwalimu anakuinua, unatembea mpaka mlangoni huku unatamka: "I am walking to the door. I am opening the door." Darasa zima linaitikia: "He is opening the door!" Mimi nilikuwa hodari, nikapigiwa makofi. Kazi yangu hadi leo ni kufungua milango. Hakuna masomo yaliyowahi kumfaa mtu kwa unyoofu kama haya. Tatizo ni kwamba nilivyovuka huo mlango nilikuta Kiingereza kingine, hakifungui kitu.

Niliwahudumia chai kwenye kikao walichokaa kujadili hilohilo bomba. Watu tisa, bomba moja. Akanyanyuka bwana mmoja aliyesomea Marekani, akasema, "Let us table it." Wale waliosoma kwa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza wakavuta makaratasi karibu, wakaanza kujadili. Yule bwana akashangaa: nimesema tuliache, mbona mnaanza? Kumbe kwa Waingereza "table" ni leta jambo mezani tulizungumze, na kwa Wamarekani ni liweke pembeni. Wakabishana nusu saa maana ya meza, wakiwa wameizunguka. Chai ikapoa. Nani alitumwa kuipasha moto? Mimi, hapo action ikanihusu bila kifupisho.

Siku ya pili ukatoka muhtasari wa kikao. Una jedwali, na jedwali lina safu ya mwisho inaitwa "Action by". Kwenye safu hiyo, kila mstari, wameandika "All". Nimefanya kazi hapa miaka 19, huyo All sijawahi kumpelekea chai. Na chini kabisa: "Fundi to execute." Nikamuuliza katibu muhtasi, mama "execute" ndiyo nini? Akasema, ni kutekeleza, mzee wangu. Akanyamaza kidogo, akaongeza: pia ni kumnyonga mtu aliyehukumiwa. Sasa mnashangaa nini fundi hajatokea?

Nyumbani ninaye binti wa kidato cha pili, ndiye nimemfanya wakili. Nikamwambia, mwanangu, baba yako anafukuzwa na kitenzi. Akacheka, halafu akanitisha zaidi. Akasema wale wa kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno "set" peke yake walilipa maana 430. Siku hizi "run" imelipita, kitenzi hicho kina maana 645, na mtaalamu mmoja alikikalia miezi kama 9 kukipanga. Miezi 9! Huyo hakuandika, huyo alijifungua.

Nikamwuliza, "run" si kukimbia tu? Ndiyo baba, ila pua ikitoa kamasi inarun, biashara ikiendeshwa inarun, mgombea akigombea anarun, soksi ya mama ikifumuka uzi inarun, na bomba likitoa maji nalo linarun. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bosi alishawahi kusimama mlangoni mwa choo akasema, "The tap is running," akaondoka zake. Mimi nilidhani anatania. Bomba limefungwa ukutani kwa simenti, litakimbilia wapi?

Binti akaona nimepata moto, akanirushia: "Na sisi je, baba? Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga chafya. Mgeni akisikia si atadhani nchi nzima tunagombana?"

Nikamwambia hiyo ni tofauti. Hizo tunazipiga wenyewe. Pasi ikipigwa, nguo inanyooka. Deki ikipigwa, sakafu inang'aa. Nionyeshe "action point" iliyowahi kung'arisha kitu. Mama yake akadakia kutoka jikoni: "Na wewe ukipigwa kalamu je?" Nikanyamaza. Mke wangu Kiswahili chake hakina N/A.

Tukakaa mezani tukaandika majibu, binti anaandika, mimi nasimamia. Alitaka kuweka "I regret my inaction". Nikakataa, neno refu vile linaonekana kama nimefanya kitu kikubwa. Tukaandika kwamba niliielewa N/A kama inavyoeleweka kwenye fomu, kwamba bomba nililiripoti mimi mwenyewe, na kwamba tangu siku hiyo naweka ndoo asubuhi, naimwaga saa sita, naimwaga tena saa tisa na nusu kabla ya kutoka, bila kuandikiwa na mtu. Hiyo ndoo ni yangu, nimeitoa nyumbani. Nikasaini. Saini yangu haina mkia.

Nikaipeleka mwenyewe, kwa sababu tarishi wa ofisi ni nani kama si mimi. Nikatembea hadi mlangoni, nikafungua mlango, nikaiweka mbele ya kaimu. Akaniambia, "Asante mzee, nitalifanyia kazi." Nikatoka, nikafunga mlango.

Jalada limeteremka leo asubuhi. Nimelibeba mpaka jikoni, nimeliweka juu ya meza ya vikombe, nimekaa, nimelifungua pole pole kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Chini ya majibu yangu kuna saini yenye mkia, tarehe, na wino wa kijani.

Kaandika: "N/A."

Nimempigia simu binti, yuko darasani, hapokei. Nimemfuata katibu muhtasi, kaitazama kwa miwani, kaitazama bila miwani, kaniambia, "Mzee wangu, hii inategemea." Basi nipo hapa na jalada langu, na chini huko ndoo nayo itakuwa imeshajaa.