Tuache mifuko kidogo, tuongee maharage

Ukimuuliza mtu wa Dar nyumba inayojali mazingira ikoje, atakutajia mfuko. Simlaumu. Tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mazingira kwetu yamekuwa habari ya mifuko, ingawa sokoni nyanya bado zinatiwa kwenye vile vifungashio vyepesi vya plastiki kana kwamba sheria haipo. Beba kikapu chako, sawa. Ila mimi naona mambo mazito yako jikoni, kwenye sufuria ya maharage.

Nyumba nyingi za uswahilini zina majiko mawili. Gesi, ule mtungi wa kilo 6, ni ya chai ya asubuhi na kupasha kiporo. Maharage na makande ni kazi ya mkaa. Thubutu kubandika maharage kwenye gesi uone jirani atakavyoshtuka: "Shoga, si utaumaliza mtungi!" Na shoga ana hoja. Maharage makavu hukaa motoni saa mbili, hata tatu, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi huwezi kwenda na elfu moja yako ukapimiwa gesi ya leo, wakati kopo la mkaa lipo palepale kwa Mangi. Ndiyo maana mitungi inagawiwa kwenye kampeni, picha zinapigwa, na mkaa hauhami. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Kwa mtungi wa kuchemshia chai tu, hatufiki.

Na mkaa una hasara yake tangu porini. Kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo sita za kuni au zaidi. Mti mwingi umeshapotea kabla gunia halijafika barabarani.

Kwa hiyo tupunguze muda wa sufuria kukaa motoni. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, bandika kwa maji mapya. Funika sufuria (kuna wapishi hodari kabisa wanaoiacha wazi, sijui wanamchungulia nani). Nyanya na ndimu zisubiri yaive, maana uchachu huyachelewesha kulainika. Chemsha ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, weka kwenye friji kama unayo, uwe unaunga kidogo kidogo. Mwenye nafasi ajaribu kikapu: maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kama nusu saa, sufuria inafunikwa na kuzungushiwa blanketi kuukuu ndani ya kikapu, yanaendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula unayarudisha jikoni yachemke tena.

Maganda na mabaki ya mboga, mwenye kiwanja ayafukie, mwenye mbuzi anajua la kufanya. Kuyapandisha lori hadi dampo la Pugu Kinyamwezi ni kusafirisha maji, maana sehemu kubwa ya maganda ni maji.

Umeme je? Presha kuka ya umeme huivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja, na mimi ningependa kila nyumba iwe nayo. Lakini bei ya umeme yenyewe inamtisha mtu. Mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa Sh100 kabla ya kodi na tozo. Akizoea kuvuka, anahamishiwa kwenye bei inayokaribia mara tatu ya hiyo. Mama anayezilinda uniti zake 75 hawezi kukuelewa ukimwambia abandike maharage kwenye umeme. Mpangaji ndiyo kabisa: mita moja, vyumba sita, ugomvi wa kununua umeme wa LUKU kila wiki, na mwenye nyumba ameshasema hataki kuona hita wala jiko la umeme. Ningekuwa na sauti huko juu, ningepandisha kwanza hicho kikomo cha uniti 75, ndipo tununue mitungi mingine ya kugawa.