Shemeji Alipoambiwa Asubiri Nje

Shemeji yangu amekasirika, na hasira yake ndiyo iliyonifanya niandike haya. Alimsindikiza mdogo wangu kliniki ya wajawazito hapa Northampton, Uingereza, amevaa vizuri na kubeba karatasi zote ndani ya bahasha, na mkunga, baada ya kuwasalimia kwa adabu, akamwomba asubiri nje kwa muda mfupi ili azungumze na mke wake peke yake. Mlango ulipofungwa, mdogo wangu aliulizwa maswali ambayo wakunga wa huku wameelekezwa kumuuliza kila mjamzito, awe mke wa daktari au wa dereva wa basi: je, nyumbani unajiona uko salama, kuna mtu anayekupiga, anayekutisha, anayekuzuia kutoka? Akajibu kwamba yuko salama, na hilo ni kweli tupu, kwa kuwa mume wake ni mtu mpole anayemkimbia hata mende. Lakini mpole huyo, alipoelezwa kilichokuwa kikizungumzwa nyuma ya mlango, alisema kwamba ametuhumiwa bila kosa na kwamba kwao mwanamume mwenye heshima zake hatolewi nje kama mtoto.

Mimi nilifurahi, tena sana. Kwetu Tanga mambo huenda kinyume kabisa. Mjamzito anayefika kliniki na mumewe ndiye anayetangulizwa kuhudumiwa, na aliyekuja peke yake huulizwa baba yuko wapi. Nia yao ni njema: wanataka wote wawili wapimwe virusi vya UKIMWI na baba naye azijue dalili za hatari. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tangu anapoingia getini hadi anapoondoka na kadi yake, mwanamke huyo huenda asipate hata dakika moja ya kuwa chumbani bila yule aliyekuja naye. Na si kliniki peke yake. Akiwa na malalamiko juu ya ndoa yake huitiwa kikao, na kikao chenyewe ni mume, wazee wa mume, mjomba, balozi wa nyumba kumi na pengine shehe wa mtaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka, isipokuwa katika hali chache, mgogoro upelekwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla shauri la talaka halijafunguliwa mahakamani, na humo barazani atayasema mateso yake akiwa ameketi hatua chache tu kutoka kwa aliyemtesa. Huku mume hutolewa nje ili mke apate kusema. Kwetu mume huitwa ndani, kisha mke anaambiwa aseme, na akinyamaza tunaandika kwamba hakuwa na la kusema.

Shemeji nilimjibu hivi: swali linaloulizwa kwa wote halimtuhumu yeyote, kama ambavyo hakuna anayejiita mwizi kwa sababu begi lake limepitishwa kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Ubaya ni kuulizwa wewe tu, baada ya majirani kuona jicho limevimba, maana hapo swali lenyewe limeshakuwa aibu.

Mama yetu alipitia vikao hivyo vyote. Mumewe, ambaye sitamtaja zaidi ya hapo, alikuwa mtu wa maneno matamu, na kila kikao kilipoitwa aliwachekesha wazee hadi wakasahau walichoitiwa. Mwishoni mama aliulizwa mbele yake kama ana la kuongeza, naye akasema hana, na kesho yake mtaani ikasimuliwa kwamba mambo yamekwisha. Aliyeyamaliza kweli alikuwa bibi. Aliuza bangili zake za dhahabu ili mahari irudishwe na mama apate khului, yaani talaka ya mke kujikomboa, na hakumuuliza binti yake jambo lolote. Alimwona anavyoinua sufuria kwa mkono mmoja, akatosheka.

Nyumba ya bibi, pale Makorora, Tanga, ikawa ya wanawake watupu, na hapa ndipo ninapoona fahari ambayo hakuna kliniki ya Uingereza inayoweza kuninyang'anya. Mama alipewa kitanda cha dirishani, ambacho bibi hakuwahi kumpa mgeni yeyote. Kila Alhamisi mama mdogo alimsuka na kumsinga liwa kana kwamba ni mwari, na majirani waliokuja kupeleleza walipewa chai na habari za bei ya nazi hadi wakachoka wenyewe. Eda ilipokwisha, mama mdogo ndiye aliyemtoa kwa mara ya kwanza kwenda harusini, akamketisha mbele, na mwanamke mmoja alipoanza kunong'ona akamtazama mpaka akainuka kuhama. Walimtafutia cherehani, wakamwingiza kwenye kikoba, wakamdhamini mkopo wa kwanza. Sisi watoto tulilishwa, tukavishwa, tukasomeshwa na mikono hiyo hiyo, na hakuna aliyetuhesabia.

Kitu kimoja tu hakikuruhusiwa katika nyumba ile, nacho ni kuyazungumza yaliyopita. Jina la yule bwana halikutajwa, picha zilichomwa nyuma ya jiko, na mtoto aliyeuliza aliambiwa akachote maji. Waliamini kwamba kidonda kikifunikwa kitajipona, nao walikuwa na sababu, kwa kuwa wote walikuwa na vya kwao walivyovifunika. Matokeo yake mdogo wangu mpaka leo, mtu akitupa funguo mezani kwa kishindo, hukata maneno katikati, na mama hawezi kuanza kula mpaka ahakikishe kila mtu ameridhika na chumvi. Mimi niliondoka nyumbani nikijua kila kitu na nikiwa sijaambiwa lolote.

Basi juzi mdogo wangu alimpigia mama simu akamsimulia kisa cha mkunga kwa mzaha, akimwigiza mumewe alivyonuna kwenye viti vya kusubiria. Mama hakucheka. Aliuliza tu, "Na wewe ulimjibuje?" Tangu usiku ule ametuletea ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, mrefu, wenye vituo, ambamo miaka ile inasimuliwa kwa mpangilio kana kwamba alikuwa ameiandika mahali. Katika mmojawapo alisema: "Mimi nisingesema siku ya kwanza. Ningemwambia tuko salama. Lakini ningejua pa kurudi." Mama mdogo, aliyelala naye chumba kimoja miaka yote ile, ameyasikia mengine kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kando yake, mama akiisimulia simu. Amekasirika pia, ila yeye amejikasirikia mwenyewe, na sasa ameanza kusimulia ya kwake.

Najua nitakayoambiwa, kwa sababu wengine wameshayasema kwenye kundi la ukoo. Mkataa kwao mtumwa. Umekula viazi vyao na sasa unaona kwenu hakuna watu. Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni kuwaogesha wazee wao, nawajua wakiwa hawajavaa. Uingereza hii mnayodhani naiabudu haikuwa ikimhesabu mume aliyembaka mkewe kuwa na hatia mpaka mahakama yake ya juu ilipobadilisha msimamo huo mwaka 1991, na kumtawala mke kwa vitisho na kumfungia pesa kulifanywa kosa la jinai mwaka 2015 tu. Mwenzangu mmoja kazini alipomkimbia mumewe alipewa chumba katika nyumba ya hifadhi, kwenye mji ambao hakuwa akimjua mtu, na kwa usalama wake hakuruhusiwa kumtajia yeyote anwani. Alikuwa na vipeperushi vya kila aina na namba ya simu inayopokelewa saa 24, lakini hakuna aliyemsuka nywele. Na wapo wake wa Kiafrika walioletwa kwa viza za waume zao, wasiojua kwamba sheria za uhamiaji zina njia kwa aliyepigwa, wanaomwambia mkunga kwamba wako salama kwa kuogopa kurudishwa. Hayo nayaona, na yananichosha.

Wengine husema kwamba tukianza kuuliza maswali hayo tutavunja ndoa za watu. Hao nawauliza: ndoa ipi ilivunjwa na swali? Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15, na wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, ziwemo kuunguza chakula na kutoka bila kumwambia. Mnajua takwimu hizo zilipatikanaje? Katika utafiti wa aina hiyo huteuliwa mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, huulizwa faraghani, na pasipokuwa na faragha maswali hayo hayaulizwi kabisa. Kumbe tunajua sana kufunga mlango, ila tunaufunga ili tupate hesabu ya kuchapisha, halafu mama mwenyewe tunamrudisha kwenye kikao cha wazee.

Wala msiniambie kwamba hatuna sheria. Kifungu cha 66 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, nacho kimo humo zaidi ya nusu karne. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa rufaa yake mwenyewe haikumpatia fungu. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Lakini madawati hayo yote yanamsubiri mwanamke aliyekwisha kuamua kusema, na mama yangu, mwenye ufasaha wa maneno na sauti ya kuongoza kasida, alihitaji kuvuka miaka mingi na bahari moja kati yetu kabla hajaamua.

Wauguzi ni wachache na vyumba vingi vina pazia badala ya mlango, najua, nimezaliwa huko. Lakini siombi ofisi mpya wala mradi wa wafadhili. Baba aje kliniki kama anavyokuja sasa, wapimwe wote wawili, waelezwe pamoja. Kisha, wakati mama anapimwa shinikizo la damu, baba atumwe dirishani kugonga mhuri wa kadi, na muuguzi aulize maswali matatu kwa sauti ya chini, kwa kila mama, bila kumchagua yeyote. Foleni ya dirishani ni ndefu vya kutosha.